Maegesho ya Mama Bahgat Hayahesabiwi

Si nilishakataa? Nilisema habari za Mama Bahgat azisimulie Mama Bahgat mwenyewe, mdomo anao, tena mpana. Lakini wapangaji wa jengo lile wamenishikilia, eti wewe ndiye jirani yake, eti ulikuwepo, eti andika. Mimi kalamu nimeishika uzeeni, na inanitoa jasho kuliko pasi ya mkaa. Haya, naandika. Na asinisahihishe mtu.

Mama Bahgat ni yule mwanamke anayepanga magari katika jengo la Bwana Medhat, pale Bab el-Luq, Kairo. Orofa zote za chini ni maegesho. Juu yake ndipo penye ofisi mbili tatu, daktari wa meno, na fundi wa magauni ya harusi. Kazi hiyo aliachiwa na mumewe. Mume alipofariki, wanaume wa mtaa walikuja kutoa pole na papo hapo wakaanza kuombea ndugu zao ile kazi, chai ya matanga haijapoa. Mama Bahgat akakaza kilemba chake cheusi, akashuka, akaisukuma Fiati ya daktari kwa bega mpaka ukutani, akageuka.

"Haya, nani mwingine anaitaka?"

Hakutokea mwingine.

Kwake gari huachwa bila gia na bila breki ya mkono, ili alisukume apendako, maana magari yanapangwa kwa kubanana kama mikate kwenye tanuri. Asiyekubali haingii. Jaji mzima aliwahi kurudishwa barabarani kwa sababu ya breki. Akaapa hatakanyaga tena pale. Kesho yake alirudi, breki ameiachia, na chai akapewa.

Sasa Bwana Medhat akaingiwa na tamaa ya cheti. Jengo la jirani lilikuwa limebandikwa kibao cha shaba mlangoni, kwamba ni jengo linalotunza mazingira, linabana maji na umeme, na wapangaji wenye pesa wakawa wanakimbilia huko. Medhat hakulala. Akaweka sola juu ya paa, akabadilisha mabomba, akamwita mkaguzi. Akaja mhandisi Yumna, binti mwembamba mwenye raba miguuni. Alipanda, akashuka, akapima, akaja kusimama pale chini karibu na birika la Mama Bahgat.

"Bwana Medhat, hili si jengo lenye maegesho. Haya ni maegesho yaliyovaa kofia ya ofisi."

"Kwa hiyo?"

"Zaidi ya robo tatu ni magari. Jengo la namna hiyo halipewi cheti. Ofisi zinahesabiwa, maegesho hayahesabiwi."

Mama Bahgat alikuwa anamimina chai. Akasimamisha birika hewani. "Hayahesabiwi na nani?"

"Ndiyo kanuni, mama. Si mimi."

"Mimi nimo humu tangu huyu Medhat anafutwa kamasi, na aliyemfuta ni mimi. Leo sihesabiwi?"

"Hajjati, tafadhali, mbele ya wageni!" Medhat akawa mwekundu. Kisha akamgeukia mhandisi. "Nikiigeuza orofa moja ya magari iwe ya watu, je?"

"Hapo hesabu itatimia."

"Basi ni hii hii ya chini. Tutaweka vioo, viti, mkahawa mdogo. Magari yatapanda juu yenyewe, tutafunga geti la kadi. Na Hajjati atapumzika nyumbani. Amechoka."

Hilo la kuchoka ndilo lililoharibu. Nyumbani kwa Mama Bahgat kuna nini? Kuta, na mwanawe aliyeko Kuwait anayepiga simu akikumbuka. Pale chini mji wote humpitia mbele: anajua nani kaposa, nani kagombana na mkewe, nani jino limemlaza macho. Kumtoa pale ni kumzika na roho yake. Lakini unadhani alilia? Alikusanya funguo zote za magari, akazitumbukiza kifuani mwake, mahali ambapo hata polisi hapekui, akaketi.

"Hajjati, mtolee mhandisi gari lake," akasema Medhat.

"Gari gani?"

"Lile jekundu, kule nyuma."

"Aa, lile liko mahali pasipohesabiwa. Nami sihesabiwi. Waambieni wanaohesabiwa wakalitoe."

Wapangaji nao wakaanza kushuka. Daktari Wagih anataka gari lake. Fundi Nagwan kabeba gauni la harusi begani kama mgonjwa, bibi harusi anamngoja Zamalek. Wote wakakuta mama kakaa, mikono kaikunja. Medhat akavua koti, akajitia kusukuma mwenyewe. Akasukuma mara moja, kitu kikalia *chraa!*

"Hiyo si breki, Ustadhi," akasema daktari. "Hiyo ni suruali."

Watu wakacheka mpaka gauni likaburutika sakafuni. Mhandisi Yumna, gilasi yake ya pili ya chai mkononi, alicheka kuliko wote. Nagwan akamuuliza, "Mwanangu, hivi ni lazima iwe orofa hii?"

"Sikusema hii. Yoyote."

Macho yote yakamwendea Medhat, maana kila mtu anaijua ile orofa ya juu kabisa ya maegesho aliyoifunga kwa mnyororo. Humo mna magari matatu ya zamani yamefunikwa mashuka. Hayaendeshwi. Kila Ijumaa yeye huenda kuyapangusa na kuyasemesha.

"Thubutu!" akasema Medhat, akishikilia suruali kwa nyuma. "Yale ni ya marehemu baba!"

"Marehemu baba yako alikuwa anayaacha juani, paka wanazalia ndani," akajibu Mama Bahgat. "Chagua, mwanangu. Kibao au mashuka."

Medhat akamtazama mhandisi. Akatazama lile jengo la jirani, kibao kinameremeta hata kwa mbali.

"Yatakaa wapi?"

"Kwangu. Katikati ya magari ya watu."

"Utayasukuma?"

"Kwa bega hili hili."

"Polepole, Hajjati," akasema Medhat. "Lile la buluu halijazoea watu."

Ndipo funguo zikatoka kifuani, na gari jekundu likatoka nyuma.

Orofa ya juu sasa ina vioo na maua, na cheti kilikuja. Siku ya kubandika kibao, Mama Bahgat alimvuta mhandisi pembeni. "Na mimi je?"

"Bado huhesabiwi, mama."

"Vizuri. Niacheni hivyo hivyo."

Akarudi kumkemea mtu aliyekuwa ameegesha upande.

Basi, nimemaliza, na vidole vinaniuma. Wewe uliyesoma bure, usijifanye unaondoka. Mtungi wangu wa gesi uko mlangoni chini na lifti ya kwetu imekufa. Njoo unipandishie.