Printa ya Chumba Namba Saba

Karani wetu wa masjala tulimwita Shangazi, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Kwa miaka kumi na minane alikaa chumba namba saba na mafaili yake, akijua kila barua ilipolala. Kisha ikaletwa printa kubwa, ile ya kuchapa na kutoa nakala, ikawekwa humo, mbele ya dirisha pekee. Sababu? Mlango wake ulikuwa na kufuli zuri, na mkuu wa ofisi aliogopa watu watachapa kadi za harusi kwa wino wa ofisi.

Dirisha likazibwa, halikufunguka tena. Printa ilivuma tangu asubuhi, ikitema joto na harufu ya wino wa unga, na meza ya Shangazi ilikuwa hatua moja tu kutoka pale. Mwaka wa pili akaanza kukohoa. Mwaka wa tatu hakuweza kupanda ngazi bila kusimama katikati, ameshika ukuta, akijifanya anasoma matangazo.

Daktari hakuzunguka: printa ihamie pasipokaa watu, penye madirisha wazi, la sivyo kifua kitamtoa kazini kabla ya kustaafu. Shangazi akaleta barua ya daktari. Mkuu akaisoma, akasikitika sana, akaunda kamati.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo, nakiri. Tulikutana mara sita, tukanywa chai, tukajadili maana ya hewa. Ripoti yetu ilifika kurasa hamsini na mbili, nakala thelathini, na unadhani zilichapwa wapi? Shangazi mwenyewe alizipanga na kuzibana pini, leso mdomoni. Nilimwona, nikaona aibu, nikachukua nakala yangu nikaenda zangu.

Tulipendekeza printa ihamishiwe ghala la mwisho wa ukumbi, lenye madirisha mawili na lisilokaliwa na mtu. Mtunza mali akapinga palepale.

"Haiwezekani," alisema, akigonga ubavu wa printa palipopakwa rangi nyeupe: CH. 7. "Daftari la mali linasema hii ni ya chumba namba saba. Ikikutwa kwingine, mimi nitasema nini?"

"Si ubadilishe daftari?" Shangazi akauliza.

"Daftari halibadilishwi, Shangazi. Daftari linafuatwa."

Shangazi akaitazama namba ya mlango wake. Anayemjua angeliogopa jicho lile kuliko kikohozi chake.

Jumatatu alikuja mapema, bisibisi ndani ya mkoba. Namba za milango yetu ni vibati vidogo vya skrubu mbili. Aling'oa saba yake akaifunga kwenye mlango wa ghala, na kumi na mbili ya ghala akaileta kwake. Nilimkuta kwenye skrubu ya mwisho. Nikamshikia mkoba, na hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya katika suala zima.

Saa nne mtunza mali akapita na daftari lake kama kawaida. Akasimama. Akashika kichwa. Mali ya chumba saba imo chumba kumi na mbili! Barua ya daktari haikumsogeza, wala kurasa zetu hamsini na mbili, kibati kilimkimbiza. Kabla ya saa sita wanaume wanne walikuwa wameisukuma printa hadi ghalani, jasho likiwatiririka.

Tukalisukuma lile dirisha pamoja, mimi na Shangazi. Likaachia kwa kishindo, upepo ukaingia na kupeperusha karatasi chumba kizima. Hakuziokota. Alisimama tu akivuta pumzi, na machozi yakamtoka.

Furaha ilitusahaulisha kwamba daftari lina mistari mingine. Mchana wale wanaume wakarudi: meza moja, kiti kimoja, kapu la taka moja, vyote CH. 7. Wakavibeba, wakavipanga ghalani kando ya printa, hatua moja, vilevile kama zamani.

Kesho yake mkuu alimkuta Shangazi amesimama dirishani, anaandika juu ya rafu ya ukutani.

"Shangazi, mbona uko huku? Meza yako iko chumba saba. Nenda ukakae."

"Nimelisoma daftari lote, Bosi," alijibu kwa upole. "Printa imo. Meza imo. Hata kapu la taka limo. Mimi simo."