Walimcheka Bibi Kisimani

Jamani, leo vijana wetu wa Kivinje wamenitia aibu, kisha wamenifunga mdomo.

Asubuhi nilikuwa kisimani. Akaja bibi mmoja wa Kimatumbi, amekonda kwa njaa hii iliyoletwa na vita. Wajerumani wamechoma mashamba yao yote huko bara.

Akateleza, akaanguka, mtungi ukavunjika.

Vijana wakacheka! Mmoja akaigiza anguko lake.

Nikawaka. "Nyie hamna mama?"

Binti mmoja kati yao, Somoe, akanikazia macho. Ni yatima, huwatwangia watu nafaka apate chakula.

"Nilikuwa naye, bi mkubwa. Wakati wa vita tulibisha mlangoni kwako, yeye anaumwa. Ukasema askari wakitukuta kwako utanyongwa kwa kuficha waasi. Alifia barazani kwa jirani yako. Huruma ningejifunza kwa nani?"

Wallahi, ni kweli. Nilifunga mlango. Hata nyuso zao sikuzitazama.

Nilimwinua yule bibi peke yangu, nikampa mtungi wangu. Somoe aliendelea kuteka maji, hakugeuka.

Tunawalaumu vijana kwa ugumu wa moyo.

Haya, ninyi mliofungua milango yenu wakati ule, jitokezeni. Mko wangapi?