Mpira Uliovuka Ukuta

Kila siku ya kufungua msimu wa besiboli, fundi bomba mmoja huketi jukwaani kando ya Darlene, shabiki wa timu ya nyumbani, kofia ya timu ngeni kichwani, glavu kuukuu ya kudakia mpira mkononi. Wenyeji wakimtukana, huwagawia karanga. Leo mpira uliopigwa na timu yake ulivuka ukuta wa uwanja ukatua ndani ya glavu ile, wa kwanza kuudaka kwa miaka ishirini. "Urudishe, mgeni! Hatutaki takataka zenu!" jukwaa zima likapiga kelele, kama ilivyo desturi yao mpira wa wageni ukitua jukwaani, Darlene akiwashinda wote. Fundi akainuka, akaurusha uwanjani. Wakamshangilia. "Ah, jirani, si nilikuwa nakutania tu!" Darlene akamwambia. Fundi alimsogezea karanga, akaendelea kuitazama glavu tupu mpaka watu wakaisha uwanjani.