Yule Mama wa Kilemba Chekundu

Mama Azuka hajawahi kumaliza filamu akajua nani kamuoa nani. Si kwamba hazitazami. Anazitazama kuliko wasichana wa saluni, na akishaitazama lazima atoe maoni, uwe umeuliza au hukuuliza. Ila wenzake hutazama watu. Yeye hutazama samani.

Sababu ipo. Nyumba yake hapo Asaba, Nigeria, ghorofa moja yenye ngazi iliyopinda kama shingo ya bata na vyuma vilivyopakwa rangi ya dhahabu, imecheza filamu nyingi kuliko waigizaji wenye majina. Watu wa filamu waliigundua miaka sita iliyopita. Wakaja na jenereta na mataa, wakaomba sebule kwa siku mbili, wakakaa tisa. Tangu hapo haupiti mwezi bila mtu kulia, kufa au kurithi mali juu ya kochi lake. Filamu ikishatoka, Mama Azuka huchukua simu ya binti yake Isioma, huvaa miwani, na kuanza ukaguzi.

Ile ya majambazi aliisifu kidogo, lakini akauliza jambazi hana mama wa kumfundisha kufuta miguu kabla ya kupanda ngazi za watu. Ile ya mfalme ilimtia huruma, maana ni ufalme gani huo wa kubanana na mawaziri watatu kwenye kochi la watu wawili. Ile ya msichana aliyekimbiwa na mchumba alisema binti analia vizuri sana, tatizo analia upande mmoja, na mto wa upande huo haujakauka sawasawa mpaka leo. Majina ya filamu hayajui. Kwake kuna Ile ya Mto Uliolowa, kuna Ile ya Miguu ya Matope, na kuna ile anayoipenda kupita zote, Ile ya Mapazia ya Kijani.

Humo ndani kuna mama mmoja mrefu, kilemba chekundu, sauti ya taratibu. Akinywa, glasi anaiweka juu ya kitambaa. Akitaka kukaa, anauinua mto kwanza, anauegemeza pembeni, ndipo anakaa. Mama Azuka alivutiwa mpaka akalisema jambo hilo kwenye kikao cha akina mama wa kanisa: tungekuwa na wanawake watano tu kama yule, nchi ingenyooka. Wenzake wakamkodolea macho. Mmoja akashika msalaba wa shingoni. Mama Azuka akaona huo ni wivu. Nyumba zao hazijawahi kuombwa hata kwa tangazo la sabuni.

Kitu kimoja tu ndani ya nyumba hiyo hakijawahi kupigwa picha, nacho ni jiko. Mumewe, Papa Azuka, mpima ardhi mstaafu, alijenga kuanzia mbele, na kiinua mgongo chake kikaishia sebuleni. Jiko likabaki uani: mabati juu, ukuta usio na plasta, masizi ya miaka kumi na minne. Watu wa filamu wakitaka mtu apike huenda kwa Mama Chinyelu, barabara ya Okpanam, mwenye jiko la marumaru. Mama Azuka ametundika pazia zito kwenye mlango wa kutokea uani, na mgeni hapiti hapo hata awe askofu.

Sasa mambo ya Isioma. Ana miaka thelathini na mmoja, anafundisha hesabu, na maneno yake ni machache kama meno ya kuku. Miaka miwili iliyopita walikuja watu kutoka Agbor kumbishia hodi, hatua ya kwanza ya posa. Waliingia, wakaitazama ngazi, wakakaa dakika ishirini. Chakula hawakukigusa. Wakaondoka, na hawakurudi wala kutuma salamu. Mama Azuka aliilaumu chumvi. Kwa miezi mingi alikuwa akiamka na kuionja upya ile supu kichwani mwake, asipate jibu.

Jumamosi hii ilikuwa zamu ya watu wa Nduka, mchumba wa sasa, kutoka Ogwashi-Uku. Asubuhi, akiwa anaosha sufuria na bila kugeuka, Isioma alimwambia mama yake kwamba huyu naye akipotea kama wale, yeye hatamfungulia mtu mlango tena, asisumbuliwe. Hakulia. Angelia, mama yake angejua la kumwambia.

Wageni walifika saa saba mchana, watatu: Nduka mwenyewe, baba yake, na Shangazi Philo, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye mwenye familia ingawa hakuna aliyewahi kulitamka hilo. Mwanamke mnene, mkoba mkubwa, macho madogo yasiyokosa kitu. Papa Azuka akawakaribisha. Shangazi Philo akaweka mguu mmoja ndani, akaiona ngazi, na mguu wa pili ukabaki nje.

Akamnong'oneza kaka yake. Kaka akaitazama ngazi, halafu kochi, halafu akamtazama Mama Azuka kuanzia kilemba hadi kandambili. Mama Azuka akatabasamu. Siku hiyo, kwa heshima ya wageni, alikuwa amevaa kilemba chekundu.

Shangazi Philo alikataa kochi. Alisema mgongo wake hauelewani na vitu laini, akaenda mwenyewe kuchukua kiti cha plastiki barazani na kukiweka karibu na mlango. Papa Azuka akaleta kola, ile kokwa chungu ya kukaribishia wageni, akaiombea, akaivunja, akala kipande cha kwanza kama desturi inavyotaka. Wageni wakapokea vipande vyao kwa adabu zote. Baba Nduka akakitia chake mfukoni. Shangazi akakifunga chake kwenye leso, leso mkobani, mkoba zipu, akisema kola ikifika nyumbani ndiyo husema ilikotoka. Hapo hakuna wa kulaumu, ni haki ya mgeni. Lakini Mama Azuka aliona wanatazamana.

Chakula kikaja: viazi vikuu vilivyotwangwa vikawa laini kama shavu la mtoto, na supu nyeupe ya kambare, pilipili zake, chumvi yake aliyoionja mara saba. Hakuna aliyenawa mikono. Nduka alinyoosha mkono kwenye bakuli la maji, shangazi yake akakohoa, mkono ukarudi.

Badala ya kula, Shangazi Philo akaanza maswali. Akauliza kama Azuka, mtoto wa kwanza, ameoa. Ameoa, wako Warri. Akauliza kama huyo mke yuko hai. Mama Azuka akajibu kwamba yuko hai, tena ana mimba, na moyoni akajiuliza ni salamu za wapi hizi. Akauliza mara ya mwisho huyo mke alikula lini katika nyumba hii. Pasaka. Na alirudi Warri kwa miguu yake mwenyewe? Kwa basi, alisema Mama Azuka, sasa kachanganyikiwa kabisa, akimtafuta mumewe kwa macho. Papa Azuka naye alikuwa anaitazama redio yake iliyozimwa, kama mtu anayesubiri taarifa ya habari imfafanulie.

"Na ile ngazi," Shangazi akasema, "mmeshaifanyia maombi?"

"Tuliipaka rangi Desemba," akajibu Mama Azuka.

Baba Nduka akafunga macho.

Mama Azuka aliona siku ya Agbor inarudi jinsi ilivyokuwa, na bado hajui kosa lake. Akafanya alichoweza. Akanawa, akamega tonge, akalichovya kwenye supu ya bakuli la wageni, akameza mbele yao, akafungua kinywa kama mtoto aliyepewa dawa.

"Haina kitu, mkwe wangu. Chumvi yake ni ya kawaida."

"Yule naye alionja," akasema Shangazi Philo polepole. "Alionja huku anatabasamu. Dawa ya kuzuia alishaimeza kabla."

"Yule nani?"

Ndipo Isioma, aliyekuwa amesimama kando ya kabati la vyombo na trei ya glasi, alipoiweka trei chini. "Mama, wanaisema filamu. Ile ya mapazia ya kijani."

Uso wa Mama Azuka ukachanua kama wa mtu aliyetajiwa ndugu yake ugenini. Kumbe ni watu wa filamu hawa, kumbe tunaongea lugha moja.

"Ya mama wa kilemba chekundu?" akasema. "Jamani, mimi yule mama nampenda. Nyumba hii wamepita wengi, lakini kama yule sijaona. Ningepata hata nusu ya tabia zake."

 Baba Nduka akasimama. Nduka akamtazama Isioma, Isioma akatazama sakafu. Shangazi Philo akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Umesikia, kaka," akasema. "Amesema kwa mdomo wake. Mimi niliitazama Jumatano hii, na Alhamisi nikairudia nihakikishe. Mke wa mwanawe alianguka kutoka ngazi ile pale, povu mdomoni, baada ya supu nyeupe. Kambare. Leo naingia, ngazi ileile, kochi lilelile, supu ileile, kilemba kilekile. Wewe ungekula?"

Mtu mwingine angecheka hapo, au angegombana. Mama Azuka hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu bado alikuwa anajaribu kukumbuka ni lini mtu alianguka kutoka ngazi yake. Alichokumbuka katika kipande hicho ni mkunjo wa zulia. Lakini neno supu lilimkaa.

"Supu hiyo aliipikia wapi?" akauliza.

"Jikoni kwake. Nilimwona akimimina dawa kwenye chungu, pale kwenye meza ya marumaru."

"Meza ya marumaru nyeusi, yenye ufa pembeni? Na friji mbili?"

"Mbili, ndiyo. Unaona anavyojua!"

"Hilo ni jiko la Mama Chinyelu," akasema Mama Azuka. "Mimi sina marumaru."

Shangazi Philo akasema kila mtu anaweza kusema hana. Mwenye nyumba kama hii, ngazi ya dhahabu, atakosaje marumaru?

Mama Azuka aliutazama mlango wa uani na lile pazia zito. Akamtazama binti yake. Isioma alielewa kabla ya wote, akatikisa kichwa kidogo: basi, Mama, acha. Wageni kutoka Ogwashi-Uku, siku ya kubisha hodi, waone masizi? Mji mzima ungejua kwamba nyumba ya filamu ina mbele tu.

Mama Azuka akaenda akalivuta pazia.

"Njoo, mkwe wangu. Njoo uone supu yako ilikopikwa."

Shangazi Philo alitoka kuelekea uani kwa tahadhari ya mtu anayevuka mto. Akainama kupita chini ya bati. Humo ndani akakuta mafiga matatu, kinu na mchi vilivyo bado na unyevu, ukuta mweusi kama moyo wa mdaiwa, kuku mmoja aliyeshangaa kuwaona, na ndoo ikikinga tone kutoka kwenye tundu la paa ingawa mvua ilikatika tangu juzi. Hapakuwa na meza ya kitu chochote. Akaangalia juu, akaangalia chini, akapitisha kidole ukutani, akakitazama kidole.

"Hili ndilo jiko?"

"Ndilo hilo tu."

"Miaka yote?"

"Kumi na minne." Mama Azuka alikuwa anaangalia kandambili zake. Jasho lilimtoka kuliko siku aliyojifungua Azuka.

Shangazi Philo akavuta pumzi ndefu. Akakikokota kigoda, akakaa, na kigoda kikalalamika.

"Yule mchawi asingeingia humu hata dakika moja," akasema. "Kilemba kingenuka moshi. Jiko langu mimi ni hivihivi, ila lenu lina kuku. Nipe bakuli, unipakulie hapahapa kutoka kwenye chungu. Huko ndani kochi siliamini bado."

Alikula mara mbili. Alimwita kaka yake kwa sauti iliyopita sebule, ngazi na barabara, akamwambia anawe mikono. Kufika saa kumi tarehe ya kuja na orodha ya mahari ilikuwa imepangwa, Nduka kashiba, kipande cha kola kimetolewa kwenye leso na kutafunwa palepale, na Shangazi Philo kaomba aoneshwe kitambaa cha kuwekea glasi, kile chenyewe. Sharti alilitoa moja: siku ya sherehe Isioma ashuke ngazi akiwa ameshikwa mikono yote miwili.

Wageni walipoondoka, Mama Azuka alikaa kwenye kochi lake. Kichwa kilikuwa bado hakijakaa mahali pake.

"Kwa hiyo wale wa Agbor..."

"Mwaka ule ilikuwa imetoka ile ya nyoka chini ya ngazi," akasema Isioma.

"Haikuwa chumvi?"

"Haikuwa chumvi, Mama."

Mama Azuka akaunyoosha mto wa kochi. Kisha akaomba simu na miwani, akaomba awekewe Mapazia ya Kijani, na kwa mara ya kwanza akaomba aelezwe nani ni nani. Isioma akamwelekeza kwa kidole. Huyu ndiye mwana, huyu mke, huyu mama mkwe. Huyo wa kilemba ndiye muuaji.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu. Ukaniambia ninyamaze, unaangalia pindo la pazia."

Wakatazama. Sumu ikamiminwa, mke akaanguka, povu likatoka, polisi wakaja. Yule mama alikuwa amekaa na kinywaji chake walipoingia na pingu. Aliinuka taratibu, akawatazama, na kabla ya kunyoosha mikono akainama akaiweka glasi mahali pake.

Mama Azuka akaisimamisha picha. Akaisogeza simu karibu na miwani.

"Umeona?" akasema. "Juu ya kitambaa. Na pingu ziko mbele yake." Akatikisa kichwa, akamgeukia binti yake kama anayeomba msaada kwenye hesabu ngumu. "Sasa mtu kama huyu, mwanangu, anauaje?"