Meza ya Watu Kumi

Mwenye duka la saruji ana meza ya watu kumi, lakini hula peke yake. Kanisa lake linakataza kuketi meza moja na asiyeokoka, na mama yake hajaokoka. Kila jioni humpelekea chakula chumba cha uani, kisha husimama nje ya dirisha na sahani yake, akitafuna polepole ili wamalize pamoja. Sauti inayofokea vibarua mchana kutwa, hapo huwa ndogo.

"Wamekataza meza," mama alimtania jana. "Mkeka hawakuutaja. Ingia ukae, baba."

Akacheka. Akaiweka sahani dirishani, akavua viatu. Mara mzee wa kanisa akapiga hodi langoni. Mwana akavaa viatu upesi, akafuta mdomo, akaenda kumfungulia. Mama akanyoosha mkono, akaifunika sahani ya mwanawe isipoe.