Manowari Isiyoonekana

Mwaka juzi kazi yangu ilikuwa kuhakiki tanbihi za kitabu cha manowari za zamani za Kijapani. Mwandishi alikuwa mbali, tulijuana kwa barua pepe tu. Akiandika kwamba meli fulani ilitia nanga bandari fulani, mimi natafuta nani alisema, na kama huyo aliyesema alikuwepo au naye alisikia. Mara nyingi nilikuta vitabu vitano vimenakili kosa la mtu mmoja. Nikazoea kutomwamini mtu, na nikaanza kuiona hiyo kama sifa.

Nilipanga chumba cha uani huko Malvern, kusini mwa Afrika, kwa fundi cherehani wa Tanga mwenye duka Jules Street. Aliishi na mama yake, ambaye wote tulimwita Bibi. Kila mwaka Bibi alimsomea hitima baba yake, askari aliyepelekwa na Waingereza vitani Bibi akiwa angali mchanga, asirudi tena.

"Meli yao ilipigwa na manowari ya Mjapani," aliniambia siku aliposikia kazi yangu. "Mchana kweupe, na hawakuiona ikija. Sasa wewe unazo karatasi. Nitafutie, mwanangu. Kule Tanga wapo waliosema alitoroka, kaoa Mombasa."

"Mtafutie, Profesa," mwanawe akadakia, pini mdomoni. "Huenda ukapata na mahari aliyotoa."

"Nyamaza wewe! Babu yako huyo."

Nilitafuta wiki nzima, umeme ukikatika nangoja, ukirudi naendelea. Nilikuwa na kumbukumbu za safari za manowari zote zilizomo katika sura zangu za kitabu. Hakuna hata moja iliyokuwa karibu na njia ya meli yao katika miezi aliyonitajia Bibi. Tena yale maneno, kwamba hawakuiona ikija. Chuma kirefu kama mtaa, juani, baharia asikione? Kwangu hiyo ilikuwa dalili tosha ya hadithi ya kutunga.

Nilimkuta akichambua mchele.

"Bibi, hakuna manowari iliyofika huko. Nina hakika."

Hakuinua kichwa. Alitoa chuya, akatoa nyingine.

"Kumbe walisema kweli," akasema.

Hitima ya mwaka ule haikusomwa. Mwanawe aliacha kuniita Profesa.

Baada ya wiki tatu, mhakiki mwenzangu aliacha kazi na sura yake ya kitabu kile ikaletwa kwangu. Ilihusu nyambizi. Katika tanbihi mojawapo ikatajwa meli iliyobeba askari kutoka Afrika Mashariki, ikazamishwa mchana kwa torpedo. Hawakuiona nyambizi ikija kwa sababu ilikuwa chini ya maji.

Kwa watu wa rika la Bibi, meli yoyote ya vita ni manowari, inayoelea na inayopiga mbizi. Mimi nilitafuta kwa maana ya kitabu changu, zile zinazoelea tu, sikumuuliza maana yake yeye. Mwandishi angefanya kosa hilo ningemwandikia ukurasa mzima.

Nilivuka ua mbio, karatasi mkononi. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Una hakika?"

"Jina lake sijaliona, Bibi. Orodha niliyonayo imekatika. Lakini meli ilikuwepo, na njia ni ile ile."

"Siku ile ulikuwa na hakika."

Nikaikunja karatasi.

"Wiki tatu namlaani baba yangu," akasema. "Kila nikimaliza kuswali. Hilo nalo utalitafutia karatasi?"

Mwanawe aliamua hitima isomwe Ijumaa iliyofuata, ingawa wakati wake ulikuwa umepita. Majirani walikuja, mikeka ikatandikwa, nami nikakaa karibu na mlango. Mahali pa Bibi palikuwa wazi. Mwanawe akaenda kumgongea.

"Mama, watu wameshakaa."

"Someni," akajibu kutoka ndani. "Mie sina uso wa kumwombea."