Puti ya Pijo

Juzi, kwenye gereji moja hapa Mbinga, nilimkuta fundi akiziba tundu la kutu kwenye gari langu kwa puti, ule ujiuji wa kuzibia bati. "Ikikauka hutapaona, mama," alisema. Niliikwangua yote kwa kucha, ingali mbichi. Harufu yake ilikuwa ile ile niliyoinusa nikiwa mtoto, kali, kama pipi iliyoungua.

Mchana ule wa utotoni fundi mwingine alikuwa uani kwetu, akikarabati Pijo, gari kuukuu la baba. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu. Badala ya kuchomelea bati, alisokomeza kipande cha gunia la kahawa tunduni, akapaka puti, akasugua kwa msasa mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto. Mimi niliamini kwamba kilicho laini kimepona.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, mtu wa ziwani Mbaha, na kwao chungu hakinunuliwi bila kugongwa. Aliinama, akagonga sakafu kwa kidole alichokikunja. Bati lililia. Penye puti hapakulia.

"Hapa pamekufa, Baba Tekla. Mwambie achomelee."

"Mama, hili ni gari, si chungu," fundi alisema. Baba akacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti, nikiona mama anatutia aibu.

Wiki ile ile, tukiteremka kwenda Mbaha, puti ilimeguka na mguu wa mama ukazama mpaka kwenye changarawe ya barabara, gari likiwa mbioni.

Anachechemea hadi leo. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilicheka.